Mkanda Aliouacha Isihaka

Nyumba ya Marehemu Mzee Halfani,
Mlandege, Iringa,
Tanganyika.
14 Septemba, 1957.

Mpendwa Kaka yangu Makame,

Asalaam aleikum. Nakuletea salamu za nyumba nzima, kuanzia mama hadi kuku. Je, hali yako ikoje huko Kitwe? Kifua kile kilichokusumbua mwaka juzi kimetulia, au vumbi la mgodini bado linakikorofisha? Na wifi Severina je, hajambo? Na watoto? Nasikia yule mdogo ameshaota meno na anauma kila kidole kinachopita mbele yake. Hayo ni ya kwetu hayo, wifi asitafute mtu wa kumsingizia.

Sisi huku tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Mama anatembea, anakula kidogo, na macho yake sasa yanaona vya karibu kuliko vya mbali. Baridi ya mwaka huu ilitushika vibaya ila imeanza kulegea, na jana nimeanika mablanketi yote uani. Mimi bado nashona kofia zangu.

Najua unashangaa kupokea barua nene hivi kutoka kwangu, mtu ambaye barua zake huwa mistari mitano na malalamiko mawili. Keti kwanza, kaka. Watoto watoke nje wacheze. Ninayokuandikia yanamhusu Isihaka mdogo wetu, na ninajua kwamba tangu tulipomzika mwaka jana mwezi wa saba hatujalitaja jina lake katika barua, wewe wala mimi.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Tangu azikwe, kila siku baada ya sala ya alasiri, nikiketi ukumbini na kofia yangu, nasikia kitu kinakwaruza upande wa pili wa ukuta, katika kile chumba cha uani. Kwaru, kwaru, kisha kimya, kisha kwaru. Mwanzoni nilisema panya. Nikatega mtego, haukunasa kitu. Nikaazima paka kwa jirani, naye akaketi mlangoni akiutazama ukuta, kisha akaenda zake kwao. Chumba ni kitupu, nimekifagia mwenyewe kwa mikono yangu. Sauti ni ile ile ya sindano aliyokuwa akikwaruzia mikanda yake ya sinema. Wewe hukuwahi kuisikia, hivyo huwezi kujua inavyoingia kwenye meno.

Niruhusu nirudi nyuma kidogo, maana mambo yale uliyapata kwa barua tu, na barua hizo nilikuandikia mimi, na mimi nilikuwa nimefura kwa hasira.

Isihaka alikuwa fundi wa mashine ya sinema kwa Bwana Taherali, na kazi yake aliijua, hilo hata adui hakulikataa. Filamu zikikatika, alikuwa anaokota vile vipande vya mwanzo na mwisho, vyeusi na vyeupe visivyo na picha, anakuja navyo nyumbani mfukoni. Akaanza kuvikwaruza kwa sindano zangu za kofia. Akaanza kuvipaka wino. Utamkuta uani ameinua kipande juani, anahesabu hadi ishirini na nne, anacheka peke yake. Nikimuuliza, ananichorea mchangani kwa kidole: mstari, halafu mstari mwingine umeinama kidogo, halafu mwingine. "Hii inatembea, dada," ananiambia. "Ila wewe hujaiona bado." Mimi namwambia aondoke hapo nifagie.

Na ile siku ya posa nilikuandikia, lakini sikukuandikia yote. Wazee wa upande wa binti wamekaa, kahawa imemiminwa, mshenga ameshakohoa. Isihaka anaingia na vidole vya manjano na buluu, anawainulia wazee mkono wanyamaze, anasema, "Subirini kidogo, nimefika mia tatu na tisa." Akaendelea kuhesabu mbele yao! Loo, nilitamani ardhi ipasuke niingie. Wazee wakavaa viatu vyao mmoja mmoja, na posa ikafa pale pale. Jioni ile nilikusanya mikanda yote niliyoiona nikaitia jikoni, ikanuka hadi majirani wakaja kuuliza tunapika nini. Bwana Taherali naye akamwachisha kazi, akisema anaharibu mali. Ndipo ilipokuja barua yako kwamba tumfungie ndani kabla hajatuaibisha zaidi.

Siandiki kukulaumu. Wewe uliandika maneno tu, mimi ndiye niliyefunga ufunguo katika pindo la kanga yangu na kutembea nao miezi minne. Mama hakukubali hata siku moja. Alikuwa anaketi nje ya mlango wa kile chumba cha uani tangu asubuhi, anazungumza naye kwenye ufa, na mimi namwambia, mama, unamdekeza mwehu. Isihaka alimwomba zafarani, gundi ya mti na kalamu ya tete. Mama akampa vyote kwa furaha, akidhani anataka kujiandikia kombe. Unamkumbuka babu alivyokuwa akiwaandikia wagonjwa, aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, kisha anaiosha kwa maji na marashi, mgonjwa anakunywa. Mama alisema mwanawe anajitibu. Mimi nilisema anaharibu zafarani.

Sasa sikiliza yaliyotokea mwaka huu.

Jumatano moja ya mwezi wa saba, Bi Sakina mke wa Taherali alituita wanawake katika sinema ya mchana, ile yetu ambayo wanaume hawaingii. Tukaenda na karanga zetu na watoto wa mgongoni, tukajipanga kwenye mabenchi ya godauni la Taherali, tunangoja picha ya Kihindi yenye nyimbo na machozi. Kumbe sanduku lililoshushwa na lori kutoka Dar es Salaam lilikuwa la watu wengine kabisa. Madirisha yakafungwa, mashine ikawashwa, na kitambaa kikajaa nukta.

Nukta tu, kaka. Hakuna mtu, hakuna nyumba, hakuna hata mti. Nukta nyekundu inazaa mbili, mbili zinakimbizana, zinashikana zinakuwa mstari, mstari unajikunja unakuwa duara, na duara lile linapumua. Muziki hakuna, ni ngoma kidogo tu kwa mbali, unaweza kudhani inapigwa nyumba ya tatu. Ikaisha hiyo ikaja nyingine, mistari myeupe juu ya giza, inaruka na kutetemeka na kupotea. Ebo, wanawake wakaanza! "Mashine imekufa hiyo!" "Hivi tumelipia kuangalia chawa?" Mmoja akasoma audhubillahi akamfunika mwanawe uso kwa kanga. Mwingine anacheka hadi karanga zote zimemwagika. Bi Sakina anapiga kelele kule nyuma, zima, zima, hii si yetu.

Mimi nilikuwa nimelishika benchi kwa mikono miwili. Mistari ile nilikuwa naijua. Nilikuwa nimeifagia uani kwangu mwaka mzima, asubuhi na jioni.

Wenzangu walipotoka nje kugombania viingilio vyao, mimi nilimwendea Bwana Taherali. Alikuwa amevaa miwani anasoma karatasi ya Kiingereza iliyokuja ndani ya sanduku. Akanieleza kwamba filamu zile hazikupigwa kwa kamera. Zimechorwa kwa mkono juu ya mkanda wenyewe, kwa wino na kwa kukwaruza, picha moja moja, na zikipita ishirini na nne kwa sekunde jicho linaona kitu kinatembea. Huko Ulaya na Amerika wapo watu ambao hiyo ndiyo kazi yao, wanaheshimika, na wenzao hukusanyika kutazama. Alipofika hapo akavua miwani. "Siwema," akasema, "mimi nilimfukuza Isihaka kwa hii." Akawa anafuta miwani yake muda mrefu sana.

Makame kaka yangu, unaelewa ninachokuambia? Mdogo wetu hakuwa na wazimu. Alikuwa na kazi ambayo sisi hatukuwahi kuiona ikifanywa, basi.

Wiki ile sikulala sawasawa. Nilikuwa naogopa kuamini na naogopa kutoamini. Maana kama alikuwa mgonjwa, basi tulimfungia kwa kumhurumia, na kila mtu wa Mlandege atasema tulifanya linalostahili. Na kama alikuwa mzima je? Mtaani mpaka leo wanamwita yule kichaa wa kina Halfani. Watoto wanaimba jina lake wakicheza. Nilitaka kujua, na nikishajua, mtaa nao ujue.

Bwana Taherali ndiye aliyenikumbusha Asukile, yule Mnyakyusa aliyekuwa akifanya kazi ya mashine pamoja na Isihaka. Amehamia Mbeya siku hizi, anaendesha sinema ya Mulji. Wakati Isihaka amefungiwa, Asukile alikuwa anakuja kila Ijumaa kumsalimia kupitia nondo za dirisha, na mimi nilikuwa namtolea macho mpaka aondoke. Nikamwandikia. Jibu likaja baada ya wiki mbili, mstari mmoja tu: mkanda wake ninao, njoo na mama.

Tukapanda basi. Vumbi la njia ile unalijua, silielezi. Mafinga tulikwama nyuma ya malori ya mbao, mama akavuta pumzi akasema kunanuka mbao za kaburini, na abiria wote wakatugeukia. Nikamsihi anyamaze.

Asukile alitupokea kwa heshima zote za kwao, akamwinamia mama hadi chini, mkewe akatuletea maziwa mgando na ndizi. Tulipomaliza kula akasema, "Mama, unisamehe. Niliuficha kwa sababu dada Siwema angeuchoma." Na ningeuchoma kweli.

Akatueleza kwamba zile Ijumaa zote alikuwa anampelekea Isihaka vipande vitupu na kupokea vilivyochorwa, kila kimoja kimetiwa namba, na kwenda kuviunganisha kwa gundi ya filamu kama alivyoelekezwa. Picha elfu tatu na mia sita, kaka. Na zote hizo hazifiki dakika tatu. Kipande cha mwisho alikipokea siku nne kabla ya msiba. Isihaka mwenyewe hakuwahi kuuona mkanda wake ukitembea, hata mara moja.

Mchana ule ule Asukile akaziba madirisha kwa mablanketi, akatundika shuka ukutani, akawasha mashine aliyoazima kwa Mulji. Mama aliketi mbele kabisa kwa ajili ya macho yake.

Kwanza ni giza. Halafu ukatokea mkwaruzo mmoja mweupe, mwembamba kama uzi, ukatetemeka pale katikati. Ukaja wa pili, ukaja wa tatu, ikawa mvua ya mikwaruzo, kisha ikajipanga. Kaka, ilijipanga safu kwa safu kama vitobo vya kofia zangu, kofia ile ninayoishona mimi na si mtu mwingine, na ikaanza kuzunguka taratibu. Alikuwa ananitazama nikishona, masikini, miaka yote ile, na mimi nilidhani haoni kitu. Kisha giza likaondoka, ukaja mwanga na nukta moja ya manjano ya zafarani. Ikakua, ikapungua, ikakua. Mstari ukaizunguka pande nne, ikawa imo ndani ya mraba. Nukta ikaenda ukuta huu, ikaenda ukuta ule, ikajibanza pembeni, ikarudi katikati. Muda mrefu ilikuwa hivyo. Halafu ukuta mmoja wa mraba ukainuka, pakawa wazi. Nukta ikasogea hadi pale penye uwazi, ikasimama, ikarudi ndani. Ukuta ukashuka. Basi, ikaisha.

Mama alikuwa ameinuka bila sisi kumwona. Alikwenda akaweka kiganja chake juu ya shuka, mahali pale nukta ilipokuwa, na mwanga wa mashine ukawa juu ya mkono wake. "Anatetemeka," akasema. "Mwanangu anatetemeka kwa baridi." Asukile akamweleza kwa upole kwamba ni mkono tu, picha ikichorwa kwa mkono haiwezi kukaa palepale, lazima icheze kidogo. Mama hakumsikiliza.

Mimi nililisikia lile neno baridi. Na hapa ndipo pa kukuambia nisilowahi kumwambia mtu.

Ule mlango niliufungua siku moja, mwezi wa sita. Mama alilia sana siku ile, nikasema haya, nitoke nikamwone. Nikafungua, nikasimama kando. Isihaka akaja hadi kizingitini, akatazama uani, akatazama jua, akasema, "Bado mia nne, dada. Nikitoka sasa nitapoteza hesabu." Akarudi ndani kwa miguu yake. Nami nikasema moyoni, huyu kweli ameharibika, mtu anafunguliwa mlango anarudi kifungoni. Nikafunga tena. Hiyo ndiyo nukta uliyoisoma hapo juu. Alikuwa anafanya kazi, kaka, alitaka kumaliza kazi yake atoke nayo mkononi.

Na siku ile ile nilikuta amelitundika blanketi lake dirishani. Alikuwa anatengeneza giza ili atazame vipande vyake kwa mwanga wa tundu la ufunguo, kama Asukile alivyofanya mbele ya macho yangu kule Mbeya. Mimi nilidhani ana njama ya kutoroka. Nikalichukua blanketi nikaondoka nalo. Mwezi wa sita, Iringa! Niliweka nia ya kumrudishia, nikasahau, nikakumbuka, nikasema atanyooka. Mwezi wa saba kichomi kikamshika, na wewe nilikuandikia kwamba ni amri ya Mungu. Ni amri ya Mungu ndiyo, lakini blanketi nililichukua mimi.

Tulirudi na mkanda ndani ya kikapu changu, umevingirishwa kwenye kigurudumu chake cha bati. Njia nzima nilikuwa nimeukumbatia. Nilishapanga kila kitu. Hitima ya mwaka tulikuwa tumeichelewesha, nikaiweka Jumamosi ya tarehe saba mwezi huu. Bwana Taherali alikubali bila kuombwa mara mbili kwamba baada ya hitima wazee wote wa msikitini, pamoja na wale wa upande wa posa, waende godaunini kwake, yeye awasomee ile karatasi ya Kiingereza, kisha tuwaonyeshe mkanda wa Isihaka. Waone kwa macho yao. Mtu aliyerukwa na akili hawezi kuhesabu elfu tatu na mia sita asikosee hata moja. Baada ya hapo nilikusudia kuutuma kwako, uuone na wewe.

Jumamosi asubuhi niko uani na sufuria za pilau, moshi machoni, wanawake wanamenya vitunguu. Nikakumbuka sijampa mama chai. Nikaingia chumbani kwake.

Alikuwa ameketi juu ya mkeka. Mbele yake beseni jeupe. Mkanda ulikuwa umefumuliwa wote, umemjaa mapajani na begani, naye anaupitisha ndani ya maji kidogo kidogo kati ya vidole viwili, huku midomo yake inasoma. Chumba kinanukia marashi. Maji ya beseni yalikuwa ya manjano.

Nilipiga ukelele hadi wale wa vitunguu wakanyamaza. "Mama! Umefanya nini?"

"Nimeosha kombe," akasema.

"Hilo si kombe! Hiyo ni filamu, mama, ndiyo pekee aliyoiacha! Wazee wanakuja leo!"

Akaniangalia kwa yale macho yanayoona karibu. "Zafarani nilimpa mimi. Gundi nilimpa mimi, na kalamu nilimchongea mimi. Ameandika miezi minne, mstari kwa mstari, nimeona kwa macho yangu. Wewe uliyemchukulia blanketi ndiye unaniambia si kombe?"

Kumbe alijua. Mwaka mzima alijua, na hakuwahi kunisemesha.

Nikakaa chini sakafuni, nikalia kama mtoto, nikamwambia, mama, hata kama ni kombe, kombe huandikiwa mgonjwa, na Isihaka ameshakufa, nani atalinywa? Mama akaendelea kuosha hadi akafika mwisho wa mkanda. Kisha akachota kwa bakuli akanisogezea mdomoni.

"Isihaka hakuwa mgonjwa," akasema. "Umesafiri hadi Mbeya kulijua hilo. Wagonjwa ni ninyi mliomfungia. Kunywa."

Nikanywa, kaka. Wallahi nilikunywa. Marashi kwanza, halafu zafarani, halafu uchungu wa gundi uliobaki kooni hadi usiku.

Hitima ikasomwa, watu wakala. Sikuwa na ujasiri wa kuwaambia wazee wasiende, kwa hiyo wakaenda, na mimi nikajitanda ushungi nikawafuata na kigurudumu changu. Bwana Taherali akasoma karatasi yake, akatia mkanda mashinani. Ile sehemu nyeusi yenye mikwaruzo ilikuwa imesalimika, maana sindano haioshwi na maji. Wakaona mvua, wakaona kofia ikizunguka, mzee mmoja akasema mashaallah. Kisha ukaja mwanga mtupu. Mweupe, hauna hata nukta, ukakaa pale kitambaani karibu dakika mbili, na watu wote wakageuka kunitazama.

Sikuwa na kingine cha kuwaonyesha, ikabidi niseme. Nikasimama mbele yao, mimi mwanamke, katikati ya mwanga ule. Nikawaambia hapa palikuwa na kazi ya mdogo wangu na nilikuwa nimeiona. Nikawaambia hakuwa na wazimu, akili zake zilikuwa timamu hadi siku anakata roho. Nikawaambia aliyeamuru afungiwe ni kaka yangu mkubwa na aliyefunga ni mimi, na blanketi lake nililichukua mimi katikati ya baridi. Mashine ikazimika, pakawa giza. Mzee mmoja wa upande wa posa akaanza Fatiha, wengine wakaitikia. Hakuna aliyenipa pole, na sikuitaka.

Nimekutaja mbele ya watu, kaka, na najua utakasirika. Kasirika. Lakini usiniandikie kwamba nimekosea.

Usidhani basi kwamba nyumba imetulia. Juzi alasiri nimesikia tena kule chumbani, kwaru, kwaru. Safari hii niliufungua mlango nikaketi ndani na kofia yangu, nikashona hadi magharibi. Ufunguo nimeutupa chooni.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililoninyima raha ya kuandika barua hii kwa siku saba. Siku ile mama hakuniacha nimalize beseni. Nilipokwisha kunywa alichota fungu jingine, akalitia katika kichupa cha marashi, akakifunga kwa kizibo na nta. Ni fungu lako. Sedekia, yule Mhehe wa jirani anayekuja huko kutafuta kazi ya mgodi, ndiye atakayekukabidhi mkononi pamoja na barua hii, amekivingirisha katika soksi. Sijui kama maji yatakuwa yamechacha njiani. Mimi sikulazimishi, wala sitakuuliza. Nilimuuliza mama kama amekuwia radhi. Akasema, kwanza anywe.

Nisalimie sana wifi Severina, umwambie kofia ya baba yake iko karibu kwisha. Wasalimie watoto mmoja mmoja kwa majina yao, na huyo mwenye meno umbusu kwa tahadhari. Bwana Taherali na Bi Sakina wanakusalimu, na Asukile kutoka Mbeya pia anakusalimu ingawa hamjaonana. Mwenyezi Mungu akulinde huko chini ya ardhi unakoshuka kila siku, akutoe salama, na amtilie nuru kaburini mdogo wetu Isihaka.

Na tafadhali, kaka, kile kichupa kiweke mbali na wifi na watoto. Wasikionje. Wao ni wazima.

Wako akupendaye na kukuombea,
dada yako,
Siwema binti Halfani.